Ukurasa wa Sabini na Moja

Jumatatu, 1 Septemba 1952

Tangazo. Wakazi wote wa nyumba hii, pamoja na kuku, wajulishwe kwamba leo jioni mimi Pastory, mpima kahawa wa ghala la chama cha ushirika hapa Ihembe, nimekiacha rasmi kitabu chenye jalada la kijani. Kimeachwa ukurasa wa 71. Kilizipokea habari hizo kwa utulivu. Hakuna majeruhi.

Alama ni ile ile – kipande cha jani kavu la mgomba. Vitabu vyangu vyote vimeota mgomba katikati. Kile cha nyuki, ukurasa wa 40. Kile cha mfalme aliyegeuka ndege, wa 112 – hapo nilijikaza, nilikuwa na homa na sikuwa na pa kwenda. Cha malezi ya watoto sikuvuka dibaji. Watoto wamekua hivyo hivyo.

Si uvivu. Au si uvivu mtupu. Nikikaribia mwisho nachoka tu, kama mtu aliyekwisha kuiona nyumba ya wenyeji kwa mbali, akakumbuka kwamba akifika itabidi aamkiane na wote.

Dada Kokuberwa akauliza, "Kisha?" Kwa sababu nilifunga mahali pabaya. Mwanaidi – ndiye mwanamke wa kitabu – amefika mtoni na mzigo kichwani, anamfuata mumewe aliyekwenda kazi ya reli, na mwenye mtumbwi hayupo. Nikasema, kesho. Akasema haya, kesho. Hakuuliza kesho ipi.

Tangu mwaka jana miguu yake haimfikishi hata kwenye migomba. Jioni nikitoka ghalani namsomea, Kiswahili nakigeuza Kinyambo njiani, naye anasikiliza macho kafumba, anatafuna kahawa yake kavu pole pole. Ndiyo safari zake hizo. Namfikisha katikati ya njia halafu mimi nakwenda kulala.


Jumatano, 3 Septemba

Mizani ina kutu. Mgongo pia.

Melkiory wa Rugu kaleta kahawa. Gunia moja lina mawe mawili chini. Tumezoeana – mimi nayatoa, yeye anashangaa yameingiaje. Alipomaliza kushangaa akasema, "Na Mwanaidi naye, maskini."

Nikamwuliza Mwanaidi yupi.

"Wa mtoni."

Mkewe kamwambia. Mkewe kaambiwa na wanawake. Sasa, kitabu chenyewe hapa kipo kimoja, cha sanduku la parokia, na anayekiazima ni mimi. Nikauliza kwa upole huyo Mwanaidi kapatwa na nini. Melkiory akaniangalia kama namfanyia mzaha.

"Si wewe ndiye msomaji?"

Nimerudi nyumbani nimekitazama kitabu. Kipande cha mgomba kipo pale pale nilipokiweka. Hakuna aliyepita mbele yangu. Na Melkiory anajua yaliyo mbele.


Ijumaa, 5 Septemba

Leo sikupima hata debe.

Nilifungua ghala, nikakaa. Nikasoma maandishi ya magunia, ambayo ndiyo shule yangu ya kwanza. Jua likapanda. Hakuna mtu. Lori la chama linakuja wiki ijayo, kahawa imeiva mpaka inaanguka yenyewe, na barabarani anapita mbuzi tu.

Saa tano nikafunga nikaenda kuuliza. Kila kibanja kimya. Majembe yamelazwa chini mbele ya nyumba. Nikajua basi, kuna msiba. Huku mtu akifa, jembe linalala – hakuna kulima, hakuna kuchuma, na ukionekana na jembe majirani wanakuja kukunyang'anya. Nikaona haya. Msiba mtaani na mimi nimekwenda kukaa na mizani.

Nikamkuta Mama Projest, yaani Eustadia, jirani yetu wa juu, amekaa mlangoni, mikono mapajani.

"Shikamoo, Mama Projest."

"Marahaba. Rudi nyumbani, Pastory. Leo hakuna kazi."

"Nani ametutoka?"

"Mwanaidi."

Nilikaa chini. Nikamweleza kwamba Mwanaidi ni mtu wa kitabu.

"Kwani mtu wa kitabu hafi?"

"Anakufa. Lakini halaziwi jembe."

"Ndiyo maana," akasema. "Amefia ng'ambo ya mto, peke yake, mzigo kichwani. Watu wa kule hata jina lake hawakulijua. Nani alimlazia jembe? Hakuna. Basi tumemlazia sisi."

"Msimu huu wa kahawa?"

"Shangazi yako alikufa msimu wa maharage. Ulivuna?"

Sikuvuna.

"Tena usinitazame hivyo," akasema. "Mgongo wangu nao umeshukuru."


Jumamosi, 6 Septemba

Nimeongea na dada. Ndani kwake kuna mikungu ya ndizi na kapu la maharage, vyote vimeletwa na wanawake, kama vinavyoletwa kwenye msiba wowote. Walikuwa wamekaa naye tangu Alhamisi na mikeka yao ya kusuka. Mimi nilidhani wamekuja kusuka.

"Nimesikia Mwanaidi ameaga," nikasema.

"Ulisema kesho. Wenzangu wakaja, wakauliza, kisha? Nikawaambia."

"Umewaambia kitu ambacho hakimo."

"Umejuaje hakimo?"

Halafu wazo baya likanijia. Nikamwuliza, na vile vingine?

Vyote. Kavimaliza vyote. Mfalme aliyegeuka ndege alirudi kuwa mtu, ila hakuacha kudonoa mtama, na mkewe akamzoea. Nyuki walihama. Nikasema kile cha nyuki si hadithi, ni maelekezo ya kufuga. Akasema, hata hivyo walihama, yule bwana alikuwa anawasumbua mno. Miaka yote hii wanawake wanakuja mchana nikiwa ghalani kuchukua miisho. Mimi naleta vichwa, yeye anaunga mikia. Na wanasema – hili kaniambia mke wangu Adelgunda bila kuulizwa – kwamba sehemu yangu ndiyo ndefu.

Alasiri akaja Mkungu Elpidius, ndiye mkuu wa mtaa wetu, koti juu ya kanzu, mwavuli mkononi. Hakukubali kiti. Kisha akakubali. Maneno yake kwa ufupi: ana umri wa kutosha, amesimamia mtaa huu tangu kabla ya vita, hajawahi kusikia watu wamelaza jembe kwa ajili ya karatasi. Lori likija na gunia hakuna, atamjibu nini mkubwa wake? Na kutangaza kifo cha uongo si mchezo. Ni kukiita kifo chenyewe.

Amri ikatoka. Jumapili ya wiki ijayo, baada ya misa, kitabu kisomwe hapa uani mbele ya watu mpaka mwisho. Ikiwa mwanamke kafa, basi kafa, yamekwisha, na kazi iliyolala wiki hii hatamwuliza mtu. Ikiwa yu hai, Kokuberwa atasimama – atashikwa mkono asimame – na kusema kwa kinywa chake mbele ya wote kwamba hakuna aliyekufa. Na sanduku la vitabu liende Kihanga, kwa watu wenye akili.

Nikamwomba Mkungu anisikilize. Nikasema mimi kumaliza kitabu, kwa kweli, si kazi niliyowahi kuifanya.

Akasema, "Utaianza."

Dada alirudisha kahawa aliyokuwa anataka kutafuna kwenye kikapu chake, akafunika.


Jumapili, 7 Septemba

Baada ya misa nilimvizia Desderius, katekista, mtu wa Muleba, mlinzi wa sanduku la vitabu. Alipokuwa ananiazima hiki cha kijani alisema amekisoma mara tatu.

Nikamwuliza kinaishaje.

"Kinaisha vizuri sana."

"Kwa Mwanaidi?"

"Kwa wote."

"Anavuka mto?"

Akatazama paa la kanisa. Akasema mafunzo yake ni makubwa. Akaniuliza kama ningependa kuchukua na kile cha ufugaji wa samaki.

Sikumlaumu. Nilimtazama kama ndugu niliyepotezana naye.


Jumanne, 9 Septemba

Majembe yameamka. Kahawa imeanza kuja, mbichi mbichi, watu wanaharakisha. Kila anayepima ananiuliza nimefika ukurasa wa ngapi. Nawajibu 71. Hata Melkiory kasahau kuweka mawe.

Jioni nikamlalamikia Adelgunda, alikuwa chini anamenya ndizi. Nikasema dada angeweza kumwacha hai yule mwanamke. Angemfikisha kwa mumewe, akapika, wakala, nani angeuliza? Mfalme kamrudisha, nyuki kawahamisha. Kwa nini huyu kamwua?

Adelgunda hakuinua macho. "Unasoma magunia, unasoma makopo ya mafuta ya taa. Dada yako humsomi."

Akaokota ndizi nyingine.

"Kemirembe alivukia wapi?" akauliza.

Nikaweka kalamu chini hapo. Sasa naendelea.

Kemirembe ni binti wa dada, mmoja tu aliyekuwa naye. Alimfuata mumewe Uganda, vita vilipokuwa vinaisha. Alivuka mto wa mpakani pale Murongo kwa mtumbwi, na mzigo kichwani. Ilikuja salamu moja, kupitia kwa mchuuzi wa ng'ombe. Tangu hapo kimya. Hakuna anayesema amekufa. Hakuna anayesema yupo. Na asiyejulikana kufa haliliwi – kumlilia ni kumwua kwa mdomo. Hata jina lake humu ndani tumeacha kulitaja, tukidhani tunamwonea dada huruma.

"Kwa hiyo Mama Projest anajua?" nikauliza.

"Wanawake wote wa mtaa wanajua tulikuwa tunamlilia nani," akasema Adelgunda. "Tulilia vizuri. Dada alilala usingizi usiku ule, mpaka asubuhi. Uliona?"

Sikuona. Nilikuwa nafikiria mizani.

Sasa Jumapili atashikwa mkono, asimamishwe, aseme hakuna aliyekufa. Mkungu hajui anachomwambia aseme. Au anajua. Naye ni mtu wa hapa.


Alhamisi, 11 Septemba

Nimekishika kitabu mara kadhaa. Kinafunguka chenyewe penye mgomba. Mwanaidi amesimama. Mwenye mtumbwi hayupo. Maji yana rangi ya chai, kinasema kitabu. Kurasa zilizobaki si nyingi, ningezimaliza kabla ndizi hazijaiva jikoni. Sijafunua hata moja.

Nilifikiri njia nyingine. Nisimame pale Jumapili, macho kitabuni, nisome ambayo hayamo. Nimfishe Mwanaidi vizuri, kwa Kiswahili cha kitabu, nani atajua? Lakini Mkungu katuma habari leo: Desderius atasimama nyuma ya bega langu, anafuata mstari kwa mstari. Mzee huyu angefaa kupima kahawa.

Nikamweleza dada wazi kwamba najua kuhusu Kemirembe. Akasema Adelgunda ana mdomo. Halafu akasema, "Usome kilichomo."

"Na akiwa yu hai?"

"Akiwa yu hai," akasema, "kwa nini havuki?"

Sijui alikuwa anamsema yupi. Nimechoka. Mguu wake umevimba zaidi leo, ule wa kushoto, na hakugusa ndizi.


Jumamosi, 13 Septemba

Lori limekuja, limekwenda. Gunia pungufu, si sana. Dereva kaniuliza kama kweli kuna mwanamke kafa kitabuni. Habari zimefika mpaka Kyerwa.

Nimeazima viti.


Jumapili, 14 Septemba

Naandika haya barazani, alasiri, kalamu ya risasi. Mvua.

Walikuja watu kuliko waliokwenda misa. Walikaa mpaka kwenye migomba. Mama Projest na wenzake mbele kabisa, mikeka imekunjwa, mikono mitupu – hakuna aliyesuka. Mkungu kitini. Dada tulimtoa na kitanda chake, tukamwegemeza ukutani. Desderius nyuma ya bega langu, ananuka sabuni.

Mkungu akasema nianze mwanzo. Watu wakasema mwanzo wanaujua, tuanze mtoni.

Nikatoa jani la mgomba. Sikujua niliweke wapi, nikamwachia Desderius.

Ukurasa wa 71 nikausoma tena. Mto, mzigo, hakuna mwenye mtumbwi. Nikafunua. Sura mpya – mume wake, Hamisi, kule kwenye reli, anaamka alfajiri. Bidii yake. Mzungu wake anampenda. Nikasoma, nageuza Kinyambo, nasoma. Hamisi hanywi pombe. Hamisi anajifunza hesabu. Mtu akauliza kwa nyuma, "Mkewe je?" Mkungu akamwambia anyamaze, anakuja. Hamisi kafanywa mnyapara. Nikamsikia Desderius anapumua kwa nguvu, kama mtu anayesoma jambo kwa mara ya kwanza.

Zilikuwa zimebaki kurasa chache lilipopiga radi upande wa Rugu.

Watu wote walitazama juu kwa pamoja, halafu wote wakatazama nyumbani kwao. Kila mmoja ana kahawa juani, imeanikwa mikekani, wiki nzima ya kazi. Tone la kwanza likaanguka kwenye kitabu. Basi. Uwanja ulikwisha watu kabla sijafika nukta. Mkungu ndiye aliyetangulia, anakimbia mwavuli umefungwa kwapani. Anaanika nyingi. Desderius aliomba radhi akiwa tayari kwenye migomba. Mama Projest alisimama kidogo, akamtazama dada, akaniambia, "Ukimpata, utatuambia," naye akaenda. Adelgunda kakimbilia mikeka yetu.

Tukamsukuma dada na kitanda chake chini ya paa – nilimsukuma mimi, peke yangu, hakuna mtu. Nikakaa. Nikafunga kitabu kwa mazoea.

"Soma," akasema.

"Watu wameondoka, dada."

"Mimi nipo."

Nikasoma. Nilipaza sauti kwa ajili ya mvua. Hamisi anaweka akiba Posta. Hamisi ananunua baiskeli. Watoto wa jirani wanaiangalia ile baiskeli na kuamua kuwa watu wa bidii. Aya ya mwisho inamshauri msomaji naye afungue akiba Posta, na inaeleza aende na nini mkononi. Halafu karatasi nyeupe.

Nimemaliza kitabu. Cha kwanza maishani mwangu, na jani la mgomba sinalo.

"Kisha?" akauliza dada.

"Kimekwisha."

"Na yeye?"

Nikamwambia asubiri. Nimerudi nyuma, ukurasa kwa ukurasa, kidole kwenye mstari, kama nilivyofanya zamani kwenye magunia. Labda nilimruka. Labda yumo kwenye sentensi moja ya Hamisi, amefika, anapika, amekaa nyuma ya baiskeli. Nimerudia mara mbili. Dada ananiangalia, hatafuni kitu. Amenyoosha mkono wake juu ya kitanda, tayari kushikwa asimame.

Mvua imepungua. Namwona Mkungu anarudi kati ya migomba, kalowa koti lote, mwavuli bado kaufunga. Anauliza kwa mbali kafa au yu hai.

Baada ya ukurasa wa 71 jina la Mwanaidi halimo.